Somo Dogo

Usiku wa mwisho wa kuandikisha masomo.
Bweni la Mabibo, ghorofa ya tatu,
mfumo umeganda kama uji wa jana.
Ratiba ya miaka mitatu nimeichora kwa penseli
nyuma ya kalenda ya duka la saruji:
Takwimu ndiyo kubwa, hiyo haina mjadala,
bodi ya mikopo imekwisha kuipenda.
Pembeni kijisanduku kitupu,
*somo dogo*.

Tumsifu, kitanda cha juu, anashusha miguu:
"Chukua uchumi, Siwatu.
Utakufa njaa na wafalme wako."
Mama naye kapiga simu mara mbili.
"Hiyo historia inalipa?"
Inalipa, mama.
"Inalipa nini?"
Hapo salio lake likakatika,
nami nikashukuru.

Uniti kumi na nane, ndizo wanazotaka.
Mwaka wa kwanza, Jumanne, saa moja asubuhi, Yombo,
inagongana na Uwezekano.
Mwaka wa pili, Kazi na Wafanyakazi, hiyo ndiyo yenyewe.
Dakta Mbonile aliitupia jicho fomu yangu:
"Mtu wa namba anatafuta nini kwetu?"
Nikasema nimesikia nafasi zipo.
Uongo.

Ukweli uko ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Shangazi Siwatu, niliyerithi jina lake,
alisimamia mitambo ya kufuma kule Ubungo, zamu ya usiku;
ukijiinamisha sana dirishani hapa,
unayaona mapaa.
Alituachia hati moja tu ya mshahara,
Februari, mwaka sabini na sita:
makato matatu, alama ya dole gumba.
Kodi. Chama.
La tatu halina jina.
Shilingi nne na senti hamsini.

Baba hajui.
Mwenzake mmoja yuko Mbagala, amesahau hata kiwanda.
Mwingine alinicheka hadi akakohoa:
"Mwanangu, nne tu?"

Muhula uliopita tulipewa jedwali la ajira mjini.
Safu ya wanawake, viwandani, miaka ile ile:
kistari, kistari, kistari.
Mwalimu akatufundisha dawa:
panapokosekana namba, jaza wastani.
Nikajaza. Nikapata A.

Shangazi yangu hakuwa wastani.
Mguu mmoja mfupi,
aliwakopesha watu sukari, akawadai kwa kanga,
na kuna usiku alimfungia msimamizi stoo hadi alfajiri.
Mburahati wanaisimulia kwa namna tano,
moja ina bunduki.
Mimi nataka ile yenye tarehe.

Halafu hili neno lenyewe, somo.
Kwenye fomu ni kitu cha kufaulu au kufeli.
Kwetu Uzaramoni somo ni mtu:
yule mnayechangia jina,
tena yule anayekaa na mwali ndani,
akamwambia yasiyosemwa ukumbini.
Wangu alikufa nina miaka minne.
Hakunifunda kitu.
Sasa namtafuta kwa uniti kumi na nane,
na kwa mdogo kama huyu sioni udogo:
mdogo wa nyumba ndiye anayeuliza
sahani ya nane ni ya nani,
wakati wakubwa wamekwisha kunawa.

Saa sita kasoro dakika tisa, mfumo unazinduka.
Tumsifu amelala, mdomo wazi.
Jumanne nitachelewa Uwezekano,
nitaazima madaftari, nitaomba radhi mlangoni.
Simu inatetemeka juu ya kalenda.
Mama, kwa ujumbe sasa:
*Hujanijibu. Inalipa nini?*

Naandika:
*Shilingi nne na senti hamsini, mama.
Kwa kuanzia.*

Kisha nabonyeza.