Korosho Nne

Sista Kolumba alinifundisha, pale Ndanda:
kwanza nyamaza, kisha shukuru,
kisha tubu; kuomba kuje mwisho,
kama mgeni aliyepiga hodi akangoja.

Usiku huu nimepanga korosho nne mkekani.
Ya kwanza, kimya. Jenereta la jirani halina adabu.
Ya pili, asante: kwa mguu wa Bibiana uliopona,
kwa chumvi.
Ya tatu nimeishika mpaka imepata joto.
Bwana, ule mzani wa ghalani,
kilo mbili za mama Akwinata,
niliona. Nikanyamaza.
Kimya kile hakikuwa sala.

Ya nne ilikuwa ya kuomba bei.
Nimeirudisha guniani.
Kesho, kabla ya misa,
nitapita kwake na kilo mbili.
Amina itaningoja huko.