Dakika Arobaini

Saa ya Kiswahili huku Shropshire haina adabu:
mwezi wa Juni jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja,
linazama saa tatu na nusu usiku,
nami katikati yake nina wazee tisa,
robo saa kwa kila mmoja,
na simu ya kampuni inayojua nilipo
kuliko mama yangu alivyowahi kujua.

Bi Prosser: vidonge, uji, soksi za kubana.
Bwana Onions: kuogeshwa, kunyolewa, matusi kidogo.
Kisha pengo. Kwenye ratiba limeandikwa "safari",
dakika arobaini zisizolipwa.
Wenzangu hulala garini, viti vimelazwa.
Mimi huegesha nyuma ya ghala la mbao,
naruka uzio na sare yangu ya zambarau,
nashuka hadi kidimbwini.

Ufito ni wa Wilf Tranter, mzee wangu wa tatu.
Vipande sita vya mwanzi, vikachongwa, vikagundishwa,
hata huoni vilipokutana.
Nyuzi za hariri nyekundu kwenye viungo.
Kwenye mpini gumba lake limeacha bonde,
na gumba langu, dogo, linalala humo.
Roda haina breki wala gia,
yazunguka tu, kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa.
"Chukua," alisema, mikono ikimtetemeka
hata kikombe na kisahani vikawa kengele.
"Wewe una vidole. Mimi nimebaki na hadithi."

Dukani kuna fito za kaboni, nyepesi kama ahadi,
na king'ora cha betri kinacholia samaki akigusa.
King'ora kingine cha nini?
Nataka unyoya wa bata bukini, ncha yake nyekundu,
niutazame mpaka nisahau kuhesabu.

Punje mbili za mahindi.
Kizito kidogo karibu na ndoana, kilale topeni.
Mayungiyungi yamefumba bado.
Halafu mapovu, madogo, mengi, yakitembea,
kama kuna mtu anachemsha chai chini ya matope.

Dakika kumi na tisa.

Samaki wengine huzamisha chelezo. Tenchi hapana.
Tenchi ni mtaka cha mvunguni: huinama,
anachukua, ananyanyuka na uzito wako wote,
na chelezo, badala ya kuzama, hupanda,
hupanda, kisha hulala chali juu ya maji
kama mtu aliyemaliza zamu.

Unyoya ukalala.
Simu ikatetemeka mfukoni.

Sitasema niliwaza. Mkono ulijibu mmoja tu kati ya hao wawili.
Mwanzi ulipinda mpaka nikausikia kwenye kiwiko,
roda ikaniunguza gumba,
yeye akivuta kwenye mayungiyungi, mimi nikikataa,
na simu ikaita, ikanyamaza, ikaita.

Kijani cha chupa kuukuu.
Jicho dogo, jekundu, lisilonilaumu.
Na ute! Ute wa kuchafua wiki nzima.
Wilf husema zamani walimwita tabibu:
samaki wagonjwa humwendea, wakajisugua ubavuni mwake, wakapona.
Sikuuliza kama anatibu mgongo.
Nilimshika chini ya maji mpaka akakumbuka mkia wake,
akaenda, bila kuaga.

Nilichelewa dakika sita.
Msimamizi wangu, Lorraine, ana fomu ya jambo hilo,
nami nitaijaza, kwenye "sababu" nitaandika "njia".

Nilikuwa nimenawa mara mbili kwa sabuni ya kampuni.
Nikavaa glavu. Nikainama kumwekea Wilf mto,
na macho yake, yasiyoona tena ila mwanga wa dirisha,
yakaugeukia mkono wa sare yangu.
Akanusa.
Akanusa tena.
"Uzito gani?" akauliza.