Timazi

Nafunga uzi kwenye msumari, juu kabisa,
naiachia timazi ishuke yenyewe.
Haina haraka.
Inayumba, inayumba, inatulia,
inasema neno lake moja: chini.

Chini, kati ya uzi na jiwe,
vidole vyangu vinne vinapita.
Mwezi wa tatu vilipita viwili.

Ukuta wa Kitisuru, kimo mita nne na robo,
mawe ya Ndarugo, udongo mwekundu mgongoni,
na juu ya udongo, magari matatu ya Bwana Githaiga
na tangi la maji la lita elfu kumi.
Naandika: mzigo wa ziada.
Kalamu haijui kucheka.

Mwaka jana nilibandika kioo juu ya ufa,
kipande chembamba, dirisha la siafu.
Kimekatika katikati.
Ufa haukusubiri barua yangu.

“Usipoziba ufa, Injinia…”
Bwana Githaiga anaiacha methali nusu,
kama mtu aachaye mlango wazi
ili mgeni aufunge.
“Sisi tumeziba. Saruji mifuko sita.
Na yale matundu yaliyokuwa yakituchafulia ukuta,
tukayaziba pia. Tukapaka rangi.”

Rangi ni nzuri kweli. Rangi ya maziwa.
Hakuna doa, hakuna ukoga,
hakuna mahali pa kupumulia.
Nagonga kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua,
ukuta unanijibu
kwa sauti ya mtu mwenye maji mdomoni.

Methali haikuujua ukuta huu,
wenye masika mawili mgongoni
na ruhusa ya kutoa hata tone, hana aliyeupa.

Upande wa barabara, Ombasa anauza miche.
Ameipanga hadi kwenye mawe yenyewe:
miparachichi, mipapai, waridi za harusi za watu.
“Huu mstari wa nyuma sikuwa nikiumwagilia,” anasema.
“Ukuta ulikuwa ukininyweshea.
Tangu wapake rangi, mvua ikikata siku mbili tu,
unasinyaa nikiutazama.”

Ananionyesha mkebe wa Kimbo
aliokuwa akiutega chini ya tundu la tatu.
Ndani, duara la kutu
pale maji yalipokuwa yakifika kila asubuhi.
Sasa buibui ameshona.

Mimi nina kurasa tisa za hesabu:
msukumo, msuguano, uzito, kupinduka.
Zote zimo katika mkebe ule.

Musyimi, mlinzi, amenishikia mwavuli
ingawa haijaanza kunyesha.
Mawingu yamelala upande wa Ngong,
meusi, hayana aibu.

Naandika: toboeni leo. Ondoeni tangi. Ondoeni magari.
Bwana Githaiga anasoma, anasema
atalipeleka kwenye kamati, Alhamisi.

Ombasa haulizi kuhusu kamati.
“Sasa hivi, ama baada ya chakula?”

Nakunja mikono ya koti.
Tunaanza na miparachichi, ndiyo mizito,
tunaivusha barabara miwili miwili.
Nyuma yetu timazi bado inaning'inia,
na hakuna upepo,
na uzi unacheza.