Matumizi Mengineyo

Daftari la kikundi chetu lina safu nne:
hisa, mkopo, mfuko wa jamii,
na ile nyembamba ya pembeni, mengineyo,
ambamo tangu tuanze nimeandika kufuli,
kalamu, sabuni, na mara moja mbuzi
aliyekufa kabla hatujakubaliana ni wa nani.

Mwaka ule nikaandika humo: Foibe.

Foibe Mbijima wa Hombolo, ekari moja na robo ya zabibu,
mjane wa fundi pampu.
Mara ya kwanza udiwani ulimponyoka kwa kura kumi na moja.
Kumi na moja! Kikundi chetu tu kina watu thelathini.
Tulikaa mkekani tukazihesabu upya kwa punje za uwele,
tukafika palepale, mpaka Damari akasema,
hakumtazama mtu,
"Saa mbili usiku nilikwenda nyumbani kupika."

Damari ndiye aliyekuwa wakala.
Taa ilizimika. Mtoto alikuwa na homa.
Mumewe alituma ujumbe: Leo tunalala njaa?
Labda hakuna aliyeiba kitu. Hatujui.
Hilo ndilo lililotuuma, kwamba hatujui:
kati ya saa mbili na saa saba
hapakuwa na shahidi aliyevaa kitenge.

Basi tazama safu yangu.
Nauli ya mjini, kuuliza fomu inajazwaje: elfu nne.
Nauli tena, maana jina la kwenye cheti
na la kwenye kadi yamepishana herufi moja: elfu nne.
Picha ndogo nane, kwani katika nne za kwanza
alikuwa amefumba macho.
Chumvi ya Bahi, kilo mbili, kwa mama mkwe wake,
ambaye tayari amekula nyingi, na bado anasema
kiti cha mwanamke ni kigoda, na kigoda hakina mgongo.
Aliipokea. Neno lake hakulibadili.

Kwa wanaume sikuandika kitu. Waliomba soda,
tukawapa maji ya korongoni, mazito, rangi ya chai.
"Kunyweni. Hiyo ndiyo sera yake."

Wengine wakauliza kwa nini asingoje viti maalumu.
Foibe alikuwa akipogoa, hakuinua kichwa.
"Hivyo mtu hupewa," alisema.
"Mimi nataka kile mnachoweza kuninyima."

Ukurasa wa mwisho ndio ninaoupenda.
Taa ya sola, ya kuazima: bure.
Uji wa ulezi na chupa mbili za chai, kwa Damari.
Mtu wa kumpikia mumewe, zamu ya Eunike: bure.
(Alisema ugali ni mgumu. Alikula wote.)
Mtu wa kukaa na mtoto: mimi.

Nilikaa nje ya darasa la tatu, mbali kama sheria inavyotaka,
upepo ukisukuma vumbi chini ya mlango.
Mara mbili askari alimruhusu mtoto apite, akanyonye.
Ndani, sauti ya mwanamume ikisoma jina, jina, jina,
kama mtu anayeshusha magunia.

Saa saba na dakika ishirini Damari akatoka.
Hakusema. Alinyoosha kiganja:
namba zote, kwa kalamu ya kikundi,
jasho limeshaanza kuila ile ya mwisho.
Nikazisoma kwa taa. Nikazisoma tena.

Lakini hicho ni kituo kimoja, na kata ina tisa.
Tukangoja.
Kulipopambazuka tukaanza kuwaona wengine,
wakija mmoja mmoja kati ya mizabibu,
kila mmoja amekunja mkono wa kushoto, taratibu,
kama aliyeshika kifaranga.

Nikafungua ukurasa mpya.
"Anza wewe," nikamwambia wa kwanza.