Mpaka Chokaa

Kazi yetu ni ya usiku, tuko watatu:
Astilo mwenye brashi na rangi nyekundu,
kijana wa taa, asinziaye amesimama,
na mimi, na ndoo.
Kabla herufi hazijazaliwa, lazima nyingine zife.
Hapo ndipo zamu yangu.

Sikufundishwa kusoma. Nilisomea kazini,
kwa kufuta.
Neno la kwanza kulijua lilikuwa USIKOJOE,
hatua tatu tu kutoka kwenye mitungi
ambayo dobi huiweka njiani akiwaomba wapita njia mkojo.
La pili, PUNDA. Amepotea, sikio moja limekatwa,
atakayemrudisha hataulizwa kitu.
La tatu silisemi. Lilimhusu mke wa mwokaji.

Watu husema kuta zina masikio.
Hizi za kwetu zina kinywa,
na mimi ndiye ninayelipwa kukiziba.
Nimeziba mapenzi ya Felikula kwa mtu asiyetajwa,
deni la mvinyo, vikombe kumi na vinne, jina la mdaiwa limekwaruzwa,
mpiganaji wa uwanjani aliyechorwa na mtoto,
kichwa kikubwa kuliko ngao,
na sifa za Vetuleno wa mwaka jana, mwadilifu, mkarimu,
ili Astilo aandike sifa za Vetuleno wa mwaka huu,
mwadilifu, mkarimu,
wauza vitunguu wote wanamtaka.

Leo ni ukuta wa Numisio, karibu na lango la kaskazini.
Kijana akainua taa. Nikaona chini, usawa wa kiuno,
mikwaruzo ya msumari,
herufi zikiegemeana kama walevi:

TROFIMO KWA KRESIMO NDUGUYE.
NIMEPITA NA MIKOKOTENI YA BWANA WANGU.
NIMEULIZA. HUKUWEPO.

Miaka kumi na mmoja tangu mnada wa Kapua,
yeye kulia, mimi kushoto,
kama jozi ya viatu iliyouzwa mguu mmoja mmoja.
Sikujua hata kama anaweza kuandika.
Labda naye alijifunzia kwenye ukuta wa mtu.
Hodi hii ilipigwa lini? Hakuweka siku.
Ila unga wa plasta ulikuwa bado chini pale,
upepo haujaupeleka.

"Mbona umeganda?" Astilo yuko juu ya ngazi,
anapima kwa kamba nafasi ya V.
Ukuta umelipiwa mpaka chini.

Nilikuwa na msumari, ule wa kubandulia kifuniko cha ndoo.
Maisha yangu yote nimefuta, sijaandika.
Mkono ukatetemeka kama wa mwizi mgeni.
Chini ya maneno yake nikachimba:

NIPO. NATEMBEA USIKU.
ULIZA MWENYE CHOKAA.

N ya kwanza imetazama nyuma. Basi.

Kisha nikachovya brashi,
nikapaka hodi yake, nikapaka na jibu langu,
tabaka moja jembamba, maji mengi,
kazi mbovu ambayo fundi yeyote angeniaibisha kwayo,
itakayochubuka kwa mvua ya kwanza.

Juu, wekundu ukaanza: V, E, T.
Kijana akapiga mwayo, taa ikayumba,
na Astilo akatukana mama zetu wote wawili.
Nikapitisha kidole pale, chokaa ikiwa mbichi bado.
Mifereji ipo.