Kadi Isiyopiga Hodi

Skana niliinunua kwa Bwana Hruška, nyuma ya stesheni,
kwa bei ya jozi moja ya viatu vya mvua.
"Hii ni ya Windows," akasema akiifunga kwa gazeti.
"Hiyo Linux yako siijui. Ikikushinda, usinirudishie."
Rahisi ghali, najua. Nikalipa.

Ndani ya boksi, katika mfuko wa plastiki ulionata,
kadi: kibati kimoja, chipu moja,
rangi ya supu ya mbaazi iliyolala.
Haina jina. Nililowesha kidole mate nikaisugua chipu,
zikajitokeza tarakimu nne
na herufi moja iliyofutika nusu.

Januari, Olomouc. Hita inagugumia ukutani.
Nimeivua kompyuta ubavu, nimelala chini ya meza,
tochi mdomoni.
Kadi ikakataa tundu, nikaibembeleza,
ikaingia kwa mlio wa mfupa wa kuku.

Nikawasha. Nikaiita moduli.
Hakuna kifaa.
Nikahamisha kidaraja, kile kidude kidogo kuliko punje ya mchele,
kilichonidondoka zuliani mara mbili.
Hakuna kifaa.
Usiku wa pili. Wa tatu. Paka amelala juu ya skana
akidhani ndiyo kazi yake.

Usiku wa nne nikafungua msimbo wenyewe wa kiendeshi.
Katikati, mtu nisiyemjua ameacha maneno,
mafupi, ya mtu aliyechoka:
*Kadi hii imebaniwa gharama. Waya wa kukatiza haupo.
Usiingoje.*

Nikaichomoa, nikaimulika. Kweli:
pale uzi wa shaba ulipopaswa kufika ukingoni
umeishia kwenye kijani,
kama njia ya miguu iliyolimwa juu yake.

Kumbe. Kadi nzuri ikiwa na neno hupiga hodi,
mfumo ukaacha shughuli zake, ukafungua, karibu.
Hii haina mkono wa kubishia.
Imesimama mlangoni na mzigo wake, kimya,
na sisi ndani tunaapa: hakuna mtu.

Kaka yangu Lubor yuko Ostrava.
Tangu tuiuze nyumba ya baba ni miaka sita,
na simu yangu haijalia kwa ajili yake.

Sikuwaza sana. Vidole vilikuwa baridi.
Nikaandika anwani ya kadi kwa mkono,
na pale pa kengele nikaandika: haipo.
Yaani usikae ukingoja. Toka mwenyewe, chungulia.
Upo? Bado. Upo? Bado. Upo?

Upo.

Taa ikatambaa chini ya kioo, ikikwama, ikisogea,
maana kuuliza huku kunaichosha mashine;
kipanya kiliganda, saa ya skrini ikasahau kutembea.
Dakika kumi na moja kwa ukurasa mmoja
wa daftari la nyuki la baba:

Mei 1967. Mzinga wa tatu, kilo ishirini na mbili.
Mvua. Malkia hajaonekana.

Penseli niliyodhani imekufa
ikashuka kwenye skrini mstari kwa mstari,
pamoja na doa la nta pembeni,
na chini kabisa, kwa mwandiko uleule uliolalia kushoto:
*Lubor kaumwa mara mbili. Hakulia.*

Zimebaki kurasa mia mbili na tatu.
Ilikuwa saa saba usiku, na mtu hapigiwi simu saa saba.

Nilipiga Jumapili. Iliita mara tisa.
Nikapiga Jumatatu, nimesimama ukumbini na koti mwilini.
Bado.
Jumatano nikapiga.