Kutoa Moja, Kutoa Mbili

Valparaíso, saa kumi na mbili asubuhi.
Naifungua lifti ya kilimani
kwa ufunguo ulioanza kuliwa na kutu kabla sijazaliwa.
Vyumba viwili, waya mmoja:
hiki kikipanda, kile kinashuka,
na mimi huku juu, mkono kwenye breki,
kompyuta ya binamu Yanira magotini,
imeng'oka kitufe cha E,
pengo kama la mtoto wa darasa la kwanza.

Nilianza na mraba.
Msinicheke. Mraba mwekundu kwenye skrini ya simu,
niliokesha nao siku nne.
Nikauambia: anguka.
Ukaanguka.
Ukapita sakafu, ukapita ukingo wa simu,
nadhani mpaka leo unaanguka,
maana nilisahau kuumba ardhi.

Mashine haina chuki wala huruma.
Usiposema simama, haisimami.
Nukta mkato ikipotea mstari wa thelathini na tatu
yenyewe inaulalamikia wa thelathini na nne,
kama jirani anayemgombeza mtoto asiye na kosa.
Mara nyingi mwenye kosa nilikuwa mimi,
na nilikuwa na hakika siyo mimi.

Nikajifunza kibadilika: kijisanduku chenye jina,
leo kina tatu, kesho sifuri, jina lile lile.
Nikajifunza kitanzi,
kitanzi kisichonyonga mtu,
ila siku niliyosahau kukipa mwisho
simu ilichemka kiganjani kama kiazi
ikazima, na abiria wakanisikia nikitukana.

Julai, mvua za baridi.
Mraba umeota masikio.
Sasa ni mbwa, jina lake Soksi,
kwa ajili ya mguu mmoja mweupe
(kusema kweli, nilichoka kupaka rangi).
Anaruka ngazi. Ngazi zinatoka kulia,
naye anakwenda kulia;
dunia yote niliyoitengeneza iko kulia.
Nimemwambia afuate kidole.
Pembeni nimeacha namba, nijue amefika wapi.

Bi Herminda hupanda saa mbili na robo,
mkate kwapani, sarafu tayari mkononi.
Nikampa simu dirishani. Mchezaji wa kwanza
asiyekuwa mimi.
"Gusa hapa, ataruka."

Hakugusa hapo.
Alikokota kidole kwenda kushoto.

Soksi akageuka. Akaanza kutembea.
Namba ikashuka: tatu, mbili, moja,
sifuri, na nikadhani atagota hapo,
kumbe: kutoa moja.
Kutoa mbili.
Hakuna ngazi, hakuna nyumba, weupe mtupu,
na mbwa wangu anatembea ndani yake
bila wasiwasi wowote.

"Huko hakuna kitu," nikamwambia.
"Kwa nini?"
"Sijajenga."
Hakuinua macho. "Mimi nikishuka hapa
nyumba yangu iko kushoto.
Miaka thelathini na minane nashika kushoto."
Akasema bila hasira, kama mtu anayekutajia
kwamba kamba ya kiatu chako imefunguka.

Kengele ya chini ikalia mara mbili.
Watu wanangoja, na mvua inawangoja wao.
Nikaachia breki:
chumba kimoja kikapanda, kingine kikashuka,
kiasi kile kile, upande wa pili wa sifuri.
Miaka mitano nauendesha waya huu
na sikuwahi kuisoma hesabu yake.

Yeye bado anacheza. Mkate unapoa.
Kutoa arobaini. Kutoa arobaini na moja.

Usiku nilifungua faili upya,
nikaweka mlango kwenye kutoa mia mbili.
Wake ni wa bluu, aliniambia,
bluu iliyobabuka karibu na kitasa.
Nimepata bluu. Kubabuka bado sijui kunaandikwaje.
Soksi anafika, ananusa, anakaa.
Haufunguki bado.